Jina Moja, Majalada Mawili

Mwalimu aliweka foronya juu ya meza, akaifungua taratibu kama anayemfunua mgonjwa, akatoa vitabu viwili. Kimoja kilikuwa na jalada la kijani, kingine jalada jekundu.

"Soma," alisema.

Bi Tochi akavaa miwani. Jalada la kijani liliandikwa *Maiti Aliyechelewa Kazini*. Akahamia jekundu. Nalo liliandikwa *Maiti Aliyechelewa Kazini*.

"Naona," akasema.

"Unaona nini, Afande?"

"Naona maiti wawili."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa mzee mfupi, nadhifu, koti la kahawia limefungwa vifungo vyote, na alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu na kugeukia riwaya za upelelezi. Bi Tochi naye alikuwa mstaafu, ila wa polisi. Jina la Tochi alilipata kazini, kwa kuwa alikuwa anamulika hata saa sita mchana: ndani ya droo, chini ya vitanda, na siku moja mdomoni mwa mtuhumiwa aliyedai kwamba saa ya wizi alikuwa anang'olewa jino. Siku hizi alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya fundi cherehani. Cherehani ikikimbia chini, juu vikombe vilitetemeka.

"Cha kijani ni changu," Mwalimu alieleza. "Nimekiandika miaka sita. Hiki chekundu kimetoka wiki mbili baada ya changu. Nimeibiwa."

"Umeibiwa kitabu?"

"Jina lake."

"Na ndani? Kuna hata ukurasa mmoja unaofanana?"

"Nimekisoma chote mara mbili, kalamu mkononi. Ndani hakuna kitu." Akakisukuma chekundu pembeni. "Yaani, hakuna kitu changu. Vyake vipo. Watu wanasema kinasomeka."

Bi Tochi akafungua daftari. "Mwizi unamjua?"

"Shemeji yangu," Mwalimu alijibu bila kusita. "Kaka wa mke wangu. Ndiye mpanga kurasa pale kiwanda cha uchapaji. Muswada wangu ulipita mikononi mwake, na hakuna mtu mwingine aliyeliona jina hilo kabla halijachapwa. Nimemwandikia meneja barua. Wamemsimamisha kazi. Ijumaa saa nne asubuhi wanakaa kumjadili, na wanataka ushahidi. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi.

"Amefanya kazi pale muda gani?"

"Miaka kumi na tisa."

"Na mama nyumbani anasemaje?"

Mwalimu akageuza uso dirishani. "Mama yuko kwa kaka yake."

"Ameenda kutembea?"

"Ameenda na masufuria."

Bi Tochi akaandika neno *masufuria*, akalipigia mstari. Kisha akaivuta ile foronya. Ilikuwa nyeupe, iliyofuliwa mpaka ikalainika, na pembeni ilikuwa na namba ndogo iliyoshonwa kwa uzi mwekundu.

"Foronya hii umeitoa wapi?"

"Kabatini. Zipo nyingi."

"Sawa. Sasa niambie, jina la kitabu ulilipata vipi?"

Kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wa Mwalimu ukachangamka. "Lilinijia lenyewe. Asubuhi moja nikiwa bado kitandani, nusu nimelala, nusu niko macho. Nililisikia kabisa, kama sauti."

"Sauti ya nani?"

"Ya sanaa, Afande."

Hilo nalo Bi Tochi akaliandika.

*

Ofisi ya hakimiliki ilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa ukumbi, mlango unaobana. Karani wake alikuwa kijeba mwenye sweta la mikono mifupi, na nyuma yake kulikuwa na rafu yenye majalada manene kumi na mawili. Yote yaliandikwa mgongoni, kwa herufi kubwa: MANUNG'UNIKO YA MAJINA.

"Jina la kitabu," alisema hata kabla hawajaketi.

"Umejuaje?" Mwalimu aliuliza.

"Aliyeibiwa hadithi huingia analia. Aliyeibiwa jina huingia amenuna." Akawasogezea viti. "Mzee wangu, nikwambie mapema ili usipoteze asubuhi yako. Sheria inalinda kazi yenyewe: namna ulivyoisimulia, sentensi zako, sura zako. Mtu akinakili hayo, njoo, tutamshika. Jina peke yake halilindwi. Maneno mawili matatu hayafungwi kamba. Rafu ile pale ina vitabu arobaini na vitatu vyenye neno *machozi* kwenye jina. Ningetoa hati, ni wa kwanza tu ambaye angeruhusiwa kulia."

"Lakini mimi nilianza!"

"Nakusikia. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja kumshitaki jirani yake aliyempa mtoto jina la mtoto wake. Nikamwuliza, wako ameacha kuitika? Akasema la, bado anaitika. Nikamwambia, basi mama, hakuna kilichopungua nyumbani kwako."

"Kwa hiyo hakuna jina linalolindwa popote?" Bi Tochi aliuliza.

"Yapo. Jina la sabuni, jina la kampuni, hata jina la mfululizo wa vitabu ambao watu wameuzoea, hilo unaweza kulisajili kama alama ya biashara. Ofisi yake iko ghorofa ya chini, na wao wana rafu kubwa kuliko hii. Kitabu kimoja ni shida." Karani akainua kidole. "Ila kuna mlango mmoja umebaki wazi. Mtu akiuza chake kwa sura ya cha mwenzake, wanunuzi wakadanganyika, wakabeba hiki wakidhani ni kile, hapo kuna kesi. Ila uniletee wanunuzi waliochanganyikiwa."

Mwalimu akasimama wima. "Nitakuletea basi zima!"

"Kaa kwanza," Bi Tochi akamwambia, kisha akamgeukia karani. "Waandishi huwa wanasajili miswada yao hapa, sivyo? Tunaomba kuona daftari."

Karani akalishusha daftari la usajili, pana kama mlango wa kabati. Bi Tochi akapitisha kidole mstari kwa mstari. Kitabu chekundu kilikuwa kimesajiliwa tarehe sita Januari, jina likiwa limeandikwa kamili na muhuri umegongwa juu yake. Cha kijani kilisajiliwa Machi.

"Mwalimu, stakabadhi ya kiwanda unayo? Ile waliyokupa ulipowakabidhi muswada?"

Alikuwa nayo, ndani ya bahasha, ndani ya faili, ndani ya mkoba. Mtu aliyefundisha kuchora ramani hapotezi karatasi. Bi Tochi akaisoma: tarehe tisa Februari.

"Shemeji yako aliupokea muswada Februari," alisema polepole. "Mwenye chekundu alikuwa ameshalisajili jina mwezi mzima kabla. Mtu hawezi kuvujisha asichokiona bado."

Mwalimu akaitazama stakabadhi, akalitazama daftari, akaitazama tena stakabadhi. "Alikuja kwangu sikukuu za mwisho wa mwaka," alisema hatimaye. "Daftari langu lilikuwa mezani."

"Ulimwona akilifungua?"

"Nilimwona akilikodolea macho."

*

Duka la vitabu lilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, na Mwalimu alizitembea mbiombio, akimwacha Bi Tochi nyuma na magoti yake ya polisi mstaafu. Muuza vitabu, mwanamke mwembamba aliyechomeka kalamu kwenye nywele, alikuwa amevipanga vitabu vyote viwili bega kwa bega karibu na mlango.

"Mama," Bi Tochi alianza, "hivi viwili vina jina moja. Wateja hawachanganyikiwi?"

"Kila siku!"

Mwalimu akasugua viganja.

"Wanachanganyikiwa vipi?"

"Wanakuja wakitaka hiki chekundu. Wengine hawatazami vizuri, wanabeba cha kijani. Kesho yake wanakirudisha."

Viganja vikasimama.

"Wote wanarudisha?" Bi Tochi aliuliza.

"Wanaokuwa wamekimwagia chai siwapokelei. Hao ndio wamebaki nacho. Wako kumi na mmoja."

"Na waliokuja kutafuta cha kijani chenyewe?"

Muuza vitabu akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, hakutaka kutia chumvi. "Alikuja mmoja. Alichukua vitatu kwa mpigo. Mzee hivi, mfupi, koti la kahawia, vifungo vyote..." Akamwangalia Mwalimu kuanzia kiatuni hadi kichwani. "Kumbe ni wewe. Karibu tena, baba."

Nje, Mwalimu alisimama kwenye kivuli cha ukuta. Bi Tochi alimwacha apumue kidogo.

"Umemsikia karani," alisema. "Wanunuzi waliochanganyikiwa tumewapata. Ila ukiifungua kesi hiyo, mwenye haki ya kushitaki ni mwenzako. Wewe ndiye unayekula wateja wake."

"Wameletwa na jalada," Mwalimu alinong'ona.

"Nenda nyumbani, Mwalimu. Kesho usinifuate. Nitakuita."

*

Mchana ule ule Bi Tochi alimkuta shemeji barazani kwake, amekaa kwenye kigoda, anasahihisha gazeti la juzi kwa kalamu nyekundu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, vidole vimeingia wino ambao haukutoka tena.

"Karibu," alisema. "Samahani, nimezoea. Nikikaa bila kusahihisha mikono inaniwasha."

"Unajua nimetumwa na nani?"

"Najua. Mume wa dada yangu hawezi kukaa na jambo bila kuliandikia ripoti."

"Ulimpa mtu jina la kitabu chake?"

"Sikumpa mtu. Nilipanga kurasa zake, nikamwondolea makosa mia nne na kumi, nikamrudishia."

"Uliwahi kufungua daftari lake nyumbani, mwisho wa mwaka?"

"Nililitazama jalada lake. Aliandika *daftali*, kwa l. Nilipata shida sana kula chakula kile."

Bi Tochi akauma midomo ili asicheke. "Ulipolisoma lile jina mara ya kwanza, ulionaje?"

Shemeji akaweka kalamu chini. "Nilicheka. Nikasema, haya, leo dada yangu ametendewa haki. Nikafunua ukurasa wa shukrani nitafute jina lake."

"Ukaliona?"

"Usome mwenyewe."

Bi Tochi alikuwa na vile vitabu mkobani. Akafungua cha kijani, ukurasa wa shukrani. Mwalimu alikishukuru kiti chake, kalamu yake, shule tatu alizofundisha, ramani ya dunia iliyokuwa ukutani kwake, "na zaidi ya yote akili yangu mwenyewe, ambayo haikunisaliti." Basi.

"Kwa nini dada yako atajwe?"

"Muulize yeye mwenyewe, akitoka kazini."

"Ndugu yangu, Ijumaa unaweza kupoteza kazi. Kama kuna neno la kukuokoa, sema."

"Nikilisema mbele ya wakubwa wale, shemeji yangu atakuwa kichekesho cha kiwanda kizima. Ni mume wa dada yangu. Ikibidi nitatafuta kazi kwingine." Akaichukua kalamu, akaiangalia bila kuiandikia chochote. "Miaka kumi na tisa. Sijui hata kazi nyingine inatafutwaje."

Bi Tochi hakumbana zaidi. Aliondoka, na njiani akasimama chini ya mti wa barabarani akafungua shukrani za kitabu chekundu. Zilikuwa mistari miwili: *Kwa bibi yangu, aliyeniazima jina. Na kwa Dada wa Shuka, anayetuchekesha kila alfajiri.*

Akaisoma mara mbili. Kisha akaitoa ile foronya, ambayo Mwalimu aliiacha mezani kwake na yeye akaikunja mkobani bila kuomba, akaitazama ile namba ya uzi mwekundu. Vitu vinavyoshonwa namba ni vitu vinavyofuliwa pamoja na vya watu wengi.

*

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa hospitali. Muuza vitabu alikwisha kumwambia kwa simu kwamba mwandishi wa chekundu anafanya kazi mochwari, na kwamba jina lililoko jaladani si lake.

Alikuta mwanamke mnene, mtulivu, gauni jeupe na viatu vya mpira, anaandika kwenye meza ndogo iliyobanwa kati ya majokofu mawili. Alipomwona mgeni akafunika daftari kwa kiwiko.

"Umekuja kutambua mtu?"

"Nimekuja kukutambua wewe. Ndiye uliyeandika hiki?"

Mhudumu wa mochwari akakiangalia kitabu chekundu kwa aibu na furaha. "Ndiyo mimi. Hapa hakuna anayenikatiza, ndiyo maana naandika sana."

"Na hili jina lako la jaladani?"

"La bibi yangu. Ameshafariki. Nilienda kaburini nikamwomba ruhusa. Hakupinga."

"Na hili jina la kitabu, ulilipata kwa nani? Uliambiwa na mtu wa kiwanda cha uchapaji?"

"Kiwanda gani? Mimi simjui mtu yeyote wa kiwanda." Alishangaa kweli; Bi Tochi alikuwa ameshaona watu wengi wakijifanya kushangaa, na hao hawakunji paji la uso kwa namna ile. "Maneno hayo ni ya hospitali nzima. Nilipoona kile cha kijani dukani nikajisemea, mwenzangu naye kumbe amewahi kulazwa hapa."

"Ya hospitali nzima kivipi?"

Mhudumu akatazama saa ya ukutani, akainuka, akashika kigari kilichojaa shuka chafu. "Twende usikie mwenyewe. Saa hizi ndiyo zamu inaingia."

Wakapita ukumbi mrefu, kigurudumu kimoja kikilia njia nzima, wakafika mlango wa chumba cha kufulia, unaotoa mvuke. Ndani kulikuwa na mashine nne zinazonguruma, na wanawake sita wakikunja shuka zenye namba za uzi mwekundu pembeni, wawili wawili, wakisogeleana na kuachana. Katikati alisimama msimamizi wao, mwanamke wa makamo, kilemba cheupe, mikono imara. Mmoja wa wanawake akapaza sauti juu ya mashine:

"Dada wa Shuka! Maiti wako ameamka leo?"

"Sijui, mwenzenu nalala kwa kaka yangu siku hizi!" msimamizi akajibu. "Asipojiamsha mwenyewe ataletwa hapo jirani, mochwari!"

Chumba kizima kikavunjika mbavu. Mhudumu wa mochwari akamgeukia Bi Tochi: "Umesikia? Kila siku iendayo kwa Mungu. Miaka na miaka. Mume wake analala kama gogo, basi yeye anapotoka alfajiri anamtikisa na kumwambia, *wewe maiti, amka, umechelewa kazini.* Akifika hapa anatusimulia. Kuna siku nilicheka nikasahau kigari nje."

Bi Tochi akasubiri shuka zilizokuwa mikononi zikunjwe, ndipo akamvuta msimamizi kando, kwenye kona ya mifuko ya sabuni.

"Wewe ni mke wa Mwalimu."

Mwanamke yule akafuta mikono kwenye aproni. "Umetumwa na yeye?"

"Nimetumwa nitafute mwizi. Nimeanza kuona sitampata. Mama, yale maneno ni yako."

"Nilimwambia!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Siku alipoleta kitabu nyumbani alinionyesha lile jina kama anayenitambulisha kwa mgeni. Nikamwambia, baba, si maneno yangu haya? Akanijibu nisiingilie mambo ya fasihi. Nikanyamaza. Maneno ni maneno, achukue, mimi nina mengine. Lakini akaja kumshitaki kaka yangu! Kaka yangu ambaye amemfutia makosa yote yale bila kulalamika!" Akashika mfuko wa sabuni kama anayetafuta pa kuegemea. "Kesho nilikuwa nimeomba ruhusa. Ningeingia kwenye kikao chao nikasema yote. Kaka yangu amenikataza, lakini ningeenda."

"Na yule wa mochwari, ulijua ameandika kitabu?"

"Dada Baridi?" Akageuka kumtazama mhudumu, ambaye alikuwa anamwaga shuka zake kwenye kapu huku bado akitabasamu. "Kitabu gani?"

Bi Tochi akamfunulia ule ukurasa wa mistari miwili. Mke wa Mwalimu akausoma midomo ikitembea, akaurudia, kisha akakaa juu ya mfuko wa sabuni na kufunika uso kwa aproni. Mabega yalitikisika. Bi Tochi hakuweza kujua kama anacheka au analia, na kwa mara ya kwanza katika uchunguzi ule hakuona haja ya kuuliza.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi Mwalimu aliitwa nyumbani kwa shemeji yake. Alifika amefunga vifungo vyote, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Shemeji alikaa upande wa pili na gazeti lake. Bi Tochi akasimama katikati, daftari mkononi.

"Nitasema kwa mpangilio," alianza. "Kwanza tarehe. Jina la kitabu chekundu lilisajiliwa kabla muswada wako haujafika kiwandani. Kwa hiyo njia ya kiwandani imefungwa. Pili, mwandishi wake hamjui shemeji yako wala kiwanda chenyewe. Anafanya kazi hospitali."

"Hospitali?" Mwalimu akafikiri. "Mbona mke wangu pia yupo hospitali."

"Ndiyo. Tatu, nataka kukuuliza swali moja. Ile sauti uliyoisikia asubuhi ukiwa kitandani, ilikuwa ya kiume au ya kike?"

"Sauti ya sanaa haina jinsia."

"Ilisemaje hasa? Neno kwa neno, kama ilivyokujia."

Mwalimu akafumba macho, akainua kidole kama yuko mbele ya darasa. "Ilisema, *wewe maiti, amka, ume...*"

Kidole kikabaki hewani. Shemeji akainua gazeti mpaka likamfunika uso wote. Kutoka mlango wa jikoni, mke wa Mwalimu, aliyekuwa amesimama pale tangu mwanzo, akamalizia:

"*...umechelewa kazini.* Halafu ilikutikisa bega. Sanaa hiyo ina mikono."

Mwalimu alimtazama mke wake, akamtazama Bi Tochi, akafungua kifungo cha juu cha koti.

"Ofisi ya hakimiliki," alisema kwa sauti ya mtu anayezama, "ilitueleza wazi kwamba jina la kitabu halina mwenyewe."

"Halina?" mke wake aliuliza.

"Halina kabisa. Kisheria."

"Basi kama halina mwenyewe, kaka yangu ameiba nini?"

Gazeti likashuka kidogo. Bi Tochi, ambaye alikuwa amehoji watu miaka ishirini na miwili, alifunga daftari lake kwa heshima. Swali zuri kuliko lile hakuwahi kuuliza.

Mwalimu akakiangalia kiganja chake. "Nilikuwa na kitabu kimoja tu," alisema hatimaye, na sasa haikuwa sauti ya darasani. "Miaka sita. Nilipoona kingine, nikaona kama hata hicho kimoja sina. Nilimtafuta wa kumlaumu, na wewe, Shemeji, ulikuwa karibu."

"Saa tatu kasorobo," Bi Tochi akasema. "Kikao ni saa nne."

Karatasi ikaletwa. Mwalimu akaandika barua ya kufuta madai yake, mkono ukikimbia. Alipomaliza akamsogezea shemeji, kwa kuwa hakujua ampe nani mwingine. Shemeji akaisoma, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akarekebisha makosa manne, akafuta aya nzima ya katikati.

"Hiyo aya ilikuwa muhimu," Mwalimu alijitetea.

"Ilikuwa inaeleza ugumu wa kazi ya uandishi, Mwalimu. Ni barua ya kuomba radhi."

"Na ukurasa wa shukrani?" mke wake akauliza.

"Kikichapwa tena..."

"Kitachapwa tena?"

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Alicheka kwa sauti nyembamba ya mtu asiyezoea, mpaka shemeji naye akashindwa kujizuia. Mke wake hakucheka. Alimtazama muda mrefu, akasema atarudi nyumbani Jumapili, akishamaliza kupumzika, na kwamba kuanzia siku hiyo atanunua saa yenye kengele, maana maneno yake sasa atayatunza.

Kikao cha kiwanda kilichukua dakika kumi na mbili. Meneja aliisoma barua, akauliza nani ameiandika vizuri hivyo, akamwambia shemeji kuna kurasa mia tatu zinamsubiri mezani. Bi Tochi aliwasubiri nje, langoni. Aliwaona wakitoka pamoja, Mwalimu akimshika mwenzake mkono na kumsindikiza hadi mlango wa chumba cha mashine, kama anayempeleka mtoto siku ya kwanza ya shule.

"Shemeji," Mwalimu alikuwa anasema, "cha pili nimeshakianza. Na jina nimelipata. Hili ni langu mwenyewe, nimelifikiria nikiwa nimesimama, niko macho kabisa. Ngoja nikuambie."

"Usiniambie!" Shemeji akaziba masikio kwa vidole vyake vya wino. "Sitaki kulijua. Nitalisoma siku likichapwa, pamoja na watu wengine wote!"

Lakini Mwalimu alikuwa ameshavuta pumzi, na miaka thelathini na mmoja ya kufundisha asikike mpaka viti vya nyuma kabisa ilikuwa imempa sauti. Alilitamka. Walilisikia mafundi wa mashine mbili za kwanza, alilisikia mlinzi, alilisikia dereva aliyekuwa anashusha karatasi, na Bi Tochi alilisikia vizuri kuliko wote.

Lilikuwa jina zuri, shida ikawa hapo. Alitembea kwa miguu mpaka ofisini akijitahidi kulisahau, na kila alipovuka barabara likazidi kumkaa mdomoni.